Kiti cha Mteja, Mabega ya Msusi

Rasta nyembamba za kufika kiunoni hula siku nzima. Mkisuka wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, mteja aliyeingia saa mbili asubuhi anaweza kutoka saa tisa alasiri. Ukiwa peke yako, adhana ya magharibi itakukuta bado unachovya ncha kwenye maji ya moto. Muda wote huo mteja ameketi. Anakula chipsi, anachati, anasinzia, anaamshwa na simu. Wewe umesimama, viwiko juu, shingo imeinama, na vidole havipumziki hata pale mdomo unapopiga soga.

Watu wakifikiria maumivu ya msusi hufikiria miguu. Miguu inachoka, ndiyo, lakini ukiiegemeza ukutani usiku, asubuhi unaamka nayo. Mikono ndiyo yenye kinyongo. Wasusi ninaowafahamu waliokaa muda mrefu kwenye kazi hii wana namna moja ya kuukung'uta mkono, kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo, na wengi wao hawajui kuwa wanafanya hivyo. Wengine huamka usiku wa manane gumba, shahada na kidole cha kati vimekufa ganzi, wakaketi ukingoni mwa kitanda wakiminya kiganja mpaka uhai urudi. Ukiwauliza, watakwambia ni baridi. Ni feni. Dar es Salaam, mwezi wa pili, baridi!

Ninachotaka kueleza ni kitu ninachofanya saluni kwetu, kwenye kiti kilekile cha mteja: yoga ya kwenye kiti, ile ya taratibu, ya vidole, mikono na mabega. Mimi si mwalimu wa yoga na sina cheti. Nina mabega ya msusi tu, na nimesoma kidogo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana bila kuiangalia kwa karibu mazoezi haya yataonekana mchezo wa watoto. Unapoanza rasta, gumba na shahada ya mkono wa kushoto hubana nywele kwenye shina, kidole cha kati kinatenga fungu la tatu, mkono wa kulia unaleta rasta, unaipitisha, unakaza. Hapo kwenye kukaza ndipo penye gharama. Mwanzo ukilegea, mteja atarudi wiki ijayo na uso umekunjamana, kwa hiyo mizunguko ile ya kwanza unaibana kwa nguvu zote za ncha za vidole, huku kifundo cha mkono kimekunjwa kuelekea ndani. (Ukikaza kupita kiasi unamla mteja nywele za mbele. Hayo tutayasema siku nyingine.) Ukimaliza rasta moja, unaanza nyingine palepale pembeni yake, na kichwa kimoja kina rasta zaidi ya mia.

Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo imekaa juu, kati ya kiwiko na kifundo, na inavuta vidole kwa kano ndefu. Jaribu sasa hivi: shika mkono wako mmoja chini kidogo ya kiwiko, kisha chezesha vidole vya mkono huohuo. Utaisikia nyama ikitembea chini ya kiganja kilichoshika. Kano tisa, pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu, hupita katika kinjia chembamba pale kifundoni. Chini na ubavuni kuna mifupa, juu kuna utando mgumu. Sehemu hiyo ikivimba kwa kazi, kinjia hakitanuki. Kinachobanwa ni mshipa wa fahamu, na huo ndio unaohudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine, ndiyo maana mara nyingi kinabaki salama wenzake wakifa ganzi. Usiku huzidi kwa kuwa wengi wetu hulala tumekunja vifundo chini ya shavu au chini ya mto.

Panda juu zaidi. Bega ni kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote mwilini, na kimeulipia uhuru huo: tundu lake ni la kina kifupi, na mpira wa mfupa wa mkono hushikiliwa pale na misuli minne midogo na kano zake. Kiwiko kikikaa juu ya usawa wa bega kwa muda mrefu, kano mojawapo hubanwa chini ya mfupa na damu haiifikii vizuri. Mwili haulalamiki mara moja. Unatafuta msaada: bega zima linanyanyuka kuelekea sikioni ili kuubeba mkono. Shingo nayo inakaza, na mishipa yote ya fahamu inayoshuka mkononi inatokea shingoni. Kwa hiyo mtu anayekanda kiganja peke yake kwa dawa ya kuchua, kila usiku, anaiacha nusu ya tatizo imekaa pale juu inamsubiri kesho.

Mimi hili nililisikia kwanza kwa mteja. Yaani, si mteja hasa. Bibi mmoja wa Upanga, wa familia ya Kigujarati iliyokaa Dar vizazi kadhaa, alimleta mjukuu wake asukwe kwa ajili ya sherehe. Nikamwamkia, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya draya, mkoba mapajani, akawa ananitazama tu. Baadaye akaniita.

"Mwanangu, huo mkono unaukung'uta tangu nimeingia. Una nini?"

"Uchovu tu, mama. Kazi."

"Na mabega yako yako wapi?"

Nikacheka. "Si haya hapa?"

"Hayo yapo masikioni. Yashushe kwanza, halafu ndiyo tuzungumze habari za mkono."

Nikajiangalia kwenye kioo. Kweli, yalikuwa masikioni. Bibi akaweka mkoba chini, akaketi wima, akaanza kunionyesha palepale, mbele ya wateja, huku mjukuu wake amejifunika uso kwa simu kwa aibu. Alisema yoga aliianza akiwa msichana, lakini magoti yalipokataa sakafu akahamia kwenye kiti, na hajaona alichopoteza.

Nilidhani amejitungia. Kumbe kiti kina historia yake. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, alijulikana kwa kutumia viti, kamba, mito na vipande vya mbao ili mwili mgonjwa au mzee nao uufikie mkao. Huko Marekani, mwalimu Lakshmi Voelker alitengeneza mtindo wake wa yoga ya kiti mwaka 1982, baada ya kumwona mwanafunzi wake, mtu ambaye hakuwa hata mzee, ameshindwa kukaa chini kwa sababu ya ugonjwa wa viungo. Leo anayetaka darasa hapa Dar anaweza kuulizia kituo cha utamaduni cha Ubalozi wa India, na tarehe 21 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa ya yoga, utawaona watu wamejaa na mikeka yao. Mikeka! Mimi nafasi ya mkeka sina, nina kiti.

Kilichonikaa zaidi ni utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA. Marian Garfinkel na wenzake walichukua watu 42 wenye tatizo hilohilo la kifundo. Kundi moja lilifundishwa mikao 11 ya yoga ya sehemu ya juu ya mwili, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 8. Jingine lilipewa banzi la kifundo pamoja na matibabu waliyokuwa nayo. Waliofanya yoga walipata nguvu zaidi ya kushika na maumivu yakapungua. Kipimo cha mshipa wa fahamu wenyewe hakikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi, na watu 42 ni wachache, kwa hiyo asije mtu akakuuzia kama muujiza. Ila angalia walichofundishwa: mwili mzima wa juu, si kifundo peke yake. Bibi wa Upanga hakuwa amekosea kuanza na mabega.

Swali la dini huja kila mara, tulimalize. Yoga imetoka India na ina mizizi katika dini za huko, hilo halifichiki. Mimi siimbi kitu na sisujudii kitu, naketi na kunyoosha mikono. Ambaye moyo wake unakataa jina, aite kujinyoosha viungo, bega halitauliza.

Haya, kiti. Kile kinachozunguka na kupanda, cha kuoshea na kukaushia, hakifai, kitakukimbia. Cha plastiki tunachosukia kinafaa, ila kwenye vigae kinateleza, kwa hiyo kisukume hadi ukutani au tandika mkeka chini ya miguu yake. Kiwe hakina mikono, au mikono yake isikubane viwiko. Kaa mbele kidogo ya kiti, mgongo usiegemee, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kama wewe ni mfupi, weka stuli fupi au tofali chini ya nyayo. Miguu ikining'inia kiuno kinapinda, na mabega yanafuata.

Kwanza usifanye chochote. Weka viganja mapajani, vitazame juu, acha viwiko vizame kwa uzito wake. Vuta pumzi kwa pua, na unapoitoa sikiliza mabega yanashuka kiasi gani. Utashangaa: ulidhani yameshuka, kisha yanashuka tena. Kisha yanyanyue kwa makusudi, hadi masikioni kabisa, unapovuta pumzi. Yaachie unapotoa, usiyadondoshe kwa kishindo. Baada ya mara kadhaa yazungushe polepole, mbele, juu, nyuma, chini. Kuzungusha kwenda nyuma ndiko tunakokuhitaji zaidi, maana siku nzima tumekunjamana mbele.

Halafu jikumbatie. Mkono wa kulia ushike bega la kushoto, wa kushoto ushike la kulia, viwiko vikiwa vimepishana mbele ya kifua. Vuta pumzi ukielekeza hewa mgongoni, kati ya yale mabapa mawili ya mabega. Hapo ndipo pale mteja mwenye huruma hukugonga na ngumi ukimwambia umechoka. Nyanyua viwiko kidogo, si zaidi ya kidevu, kaa kwa pumzi nne tano, badilisha mkono wa juu. Wenye yoga yao huwa wanaisokota mikono zaidi ya hapo hadi viganja vikutane. Mimi nakomea kwenye kukumbatia, na sijaona haja ya zaidi.

Kanga sasa. Ikunje iwe mkanda mrefu. Shika ncha moja kwa mkono wa kulia, ipitishe juu ya bega ili ining'inie mgongoni. Mkono wa kushoto upite nyuma ya kiuno uidake ncha ya chini. Usisugue wala kuvuta kwa pupa. Mkono wa chini uivute kanga chini kidogo, taratibu, bega la juu lifunguke. Kisha wa juu uivute juu, bega la chini lifunguke. Vidole vikitambaa kwenye kanga vikakaribiana, sawa. Visipokaribiana, sawa pia. Karibu kila mtu ana upande mmoja mgumu kuliko mwingine, na kwetu sisi mara nyingi ni upande wa mkono unaokaza.

Sasa niseme jambo linalonikera katika video za mazoezi ya kwenye kiti. Karibu zote zinaanza na mikono juu ya kichwa. Nyoosha juu, juu zaidi, gusa dari! Kwa karani aliyekaa na mikono mezani, vizuri sana. Kwa msusi, kwa fundi rangi, kwa mwalimu aliyeshinda anaandika ubaoni, mikono ndiko ilikotoka. Sisi tunahitaji kinyume chake: kushusha na kurudisha nyuma. Kaa, peleka mikono yote miwili nyuma, shika kingo za mgongo wa kiti pale chini, viwiko vielekee nyuma, kifua kisonge mbele kidogo na kidevu kisipande. Ukivuta pumzi hapo utazisikia nyama za mbele ya kwapa zikifunguka. Kama nina nafasi ya zoezi moja tu siku ya Jumamosi, nafanya hili.

Vidole huja mwisho, bega likishalegea. Kunja ngumi laini, gumba likiwa nje, kisha fungua vidole kimoja kimoja kuanzia cha mwisho, mpaka kiganja kiwe wazi kabisa na vidole vimeachana. Gusanisha ncha ya gumba na ncha ya kila kidole, kwenda na kurudi. Zungusha vifundo ndani ya duara dogo, huku viwiko vimetulia ubavuni. Shika gumba lako kwenye shina lake, pale chini kabisa, ulikande na kulivuta kidogo kuelekea nje. Gumba la msusi linabeba zamu mbili. Mwisho kutanisha viganja mbele ya kifua na uvishushe polepole kuelekea kitovuni bila kuviachanisha. Ganzi ikija, panda juu tena au acha. Huu ni mkao ambao watu huufanyia sifa, wakaushusha hadi vifundo vinalia, wakati kifundo kilichobanwa hakihitaji kubanwa zaidi.

Kipimo changu cha upole ni soga. Ukiwa kwenye mkao na bado unaweza kumjibu mteja sentensi nzima bila kukata pumzi, uko mahali pake. Ukianza kujibu kwa "mm" na "ee", umevuta kupita kiasi. Kuhisi nyama inavutwa, hewala. Kichomo, umeme unaokimbia mkononi, au ganzi, hapana. Tumelelewa kuamini dawa isiyochoma haitibu, na imani hiyo imewaharibia watu wengi mabega.

Hasa bega lililoganda. Hili huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye kisukari huwa hatarini zaidi. Linaanza kwa maumivu, kisha huwezi kufunga sidiria wala kufika kisogoni, na linaweza kukaa nawe mwaka, miaka miwili, hata zaidi. Likiwa katika kipindi cha maumivu makali, kanga ile iache kabisa. Nenda kwa mtu wa fiziotherapia. Nenda pia kama vitu vinakuponyoka mkononi, kama ganzi haiondoki hata mchana, au kama ile nyama chini ya gumba imeanza kubonyea ukilinganisha na mkono wa pili. Banzi la kuvaa usiku, linalonyoosha kifundo, huwasaidia wengi na si kitu cha kuogopa. Mjamzito anayeanza kuhisi ganzi vidoleni amwambie mkunga. Uvimbe wa ujauzito hubana kinjia kilekile, na mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Viungo vilivyovimba na kuwa vya moto havinyooshwi siku hiyo. Na maumivu ya mkono yanayokuja pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukata si ya kusuka wala ya yoga. Hayo ni ya kukimbilia hospitali sasa hivi.

Nitaongeza jambo ambalo wauza mazoezi hawalisemi: kimo anachokaa mteja kinafanya kazi kubwa kuliko mkao wowote. Unaposuka kisogoni, keti na wewe. Unapofika utosini, mteja ashuke kwenye stuli fupi au kwenye mto sakafuni, viwiko vyako vibaki chini ya mabega. Wateja warefu hulalamika kidogo, kisha wanazoea. Na fundo la mwanzo libane ukiwa umenyoosha kifundo. Inawezekana, inachukua muda kujifunza upya, na rasta haitoki.

Muda wa kujinyoosha? Tunaanza kisogoni kupanda. Kisogo kikiisha, karibu kila mteja huinuka: anakwenda msalani, anapokea simu nje, anajitazama kwenye kioo nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama. Kiti kiko wazi. Nakaa. Ubavu wa kwanza ukiisha, tena. Vipande vya dakika tatu nne vinavyoingia katikati ya kazi vimenifaa kuliko nusu saa ya jioni, kwa sababu jioni nikifika nyumbani nakuta watoto, jiko na nguo kwenye kamba, na hiyo nusu saa hakuna.

Mwenzangu ninayesuka naye hafanyi. Anasema muda ninaokaa pale na kanga mgongoni angekuwa ameshasuka rasta mbili, na hesabu yake ni ya kweli. Desemba, wateja wakiwa wamepanga foleni hadi barazani, hata mimi huwa narudi kwenye hesabu yake. Ila lile zoezi la kufungua ngumi kidole kimoja kimoja ameliiba. Analifanya kila mteja anapohangaika na simu kutuma pesa, mkono umefichwa chini ya kaunta, macho kwenye muamala.